Mkia wa Jina

Nimekabidhiwa hadithi 9 nisome, nichague 3 za toleo hili. Nimezisoma zote, nyingine ndani ya daladala nikiwa nimesimama, nyingine usiku kibarazani. Kati ya hizo 9, 7 zinaanzia kijiweni, Kariakoo au mitaa ya jirani. Kuna Dula, kuna Chidi, kuna Sele, kuna Rama, halafu lazima awepo mmoja mwenye jina la mbwembwe linaloishia na -o. Huyo ndiye mcheshi, huyo ndiye anayekopa sigara, huyo ndiye anayetongoza akatoswa.

Nikafanya jaribio dogo. Nikachukua hadithi moja, kila palipoandikwa Dula nikasoma Chidi, na palipoandikwa Chidi nikasoma Dula. Hakuna kilichoharibika! Mazungumzo yalikwenda vile vile, ugomvi ukaisha vile vile, hata yule binti wa duka la kanga akampenda yule yule. Sasa jamani, kama watu wawili wanaweza kubadilishana majina na hadithi isistuke, hao ni watu kweli au vivuli?

Sisemi haya kwa kujiona. Mkosaji wa kwanza ni mimi mwenyewe, na nitafika huko. Lakini kwanza tuliangalie hilo jina la mtaani, maana naona tunalinyunyiza kwenye hadithi kama pilipili bila kujua limelimwa wapi.

Kiswahili hakipendi neno liishie kwenye konsonanti. Hilo tunalijua tangu shule ya msingi. Majina ya Kiarabu yalipofika pwani yalivalishwa irabu mwishoni, na irabu hiyo haikuwekwa ovyo. Konsonanti ya mwisho ikitamkwa kwa midomo, inakuja u: Salumu, Adamu, Ayubu, Yusufu. Ikitamkwa kwingine, kwa kawaida inakuja i: Rashidi, Saidi, Hamisi, Hasani, Omari. Hakuna aliyeitisha kikao. Ulimi ulifanya kazi yake. Majina ya Biblia nayo yakaja na -o zake kutoka huko huko vitabuni: Petro, Paulo, Marko, Filipo, Tito, Yakobo.

Mtaa nao una kazi yake, nayo ni kukata. Rashidi anakatwa kichwa anakuwa Chidi. Abdallah anakuwa Dula, Khadija anakuwa Dija. Selemani anakatwa mkia anabaki Sele, Ramadhani anabaki Rama, Bakari anageuzwa Beka. Kukata huku ni kwa mapenzi na kwa haraka. Huwezi kumwita mtu kwa silabi 4 wakati guta lenye marobota linakuja mgongoni kwake.

Lakini -o ya mtaani ni habari nyingine kabisa. Ulimi haukuileta, maana ulimi ungeleta i au u. Wala si haraka, maana mara nyingi inalirefusha jina badala ya kulifupisha. Inachaguliwa.

Chukua mfano wa Hamisi Gaga, aliyetamba na Simba, ambaye mashabiki walimwita Gagarino. Lipime jina hilo. Gaga lina silabi 2, limetimia, lina irabu yake mwishoni, halimsumbui Mswahili yeyote. Ulimi haukuwa na la kudai. Hata hivyo jukwaa likaongeza silabi 2 nyingine. Kwa sikio langu humo ndani mnasikika Yuri Gagarin, yule Mrusi aliyekwenda anga za juu mwaka 1961. Mnasikika pia mkia wa Kitaliano na Kireno, mkia wa watu wa mpira. Kuna na jambo la tatu, ambalo ni la Kiswahili chenyewe. Mkazo wetu huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Ukiita Gaga, mkazo unaanguka mwanzoni na jina limeshakwisha kabla hujavuta pumzi. Ukiita Gagarino, mkazo unahamia kwenye ri, na hapo jukwaa zima linaweza kuvuta linavyotaka: Gagariiino! Mkia ule ulilipa jina mahali pa kushangilia. Na chini yake Gaga bado yupo, jina la kwao halijafutwa.

Sasa mlinganishe na Ramadhani Chombo "Redondo" na Nadir Haroub "Cannavaro". Nao wanaishia na -o, nao walipendwa. Lakini hapo jina limeazimwa zima zima, moja la Muargentina, jingine la nahodha wa Italia aliyebeba Kombe la Dunia mwaka 2006. Chombo na Haroub hawamo ndani yake. Gagarino ni jina lililoota kwenye mti wake. Redondo ni jezi iliyovaliwa juu ya shati. Yote mawili ni sifa, ila si sifa ya aina moja, na mwandishi asiyesikia tofauti hiyo atayatumia kama kitu kimoja.

Kuna msomaji ataniuliza, "Na Haruna Moshi 'Boban' je?" Kweli kabisa. Jina la Mkroeshia, halina irabu mwishoni, na mtaa ulilipokea kwa mikono miwili. Sunday Manara naye, miaka ya 70, aliitwa Kompyuta, wakati wengi waliomwita hivyo hawajawahi kuiona kompyuta yenyewe. Mohamed Hussein wa Yanga akaitwa Mmachinga, jina la jasho la Kariakoo kabisa. Kwa hiyo -o si sheria. Ni chaguo, na penye chaguo pana sababu, na sababu ndiyo mali ya mwandishi.

Sababu mojawapo ilitoka Kongo. François Luambo Makiadi alijulikana kwa jina la Franco, na sauti hiyo ikaingia kwenye kumbi zetu kupitia redio na sahani za santuri. Hapa kwetu Hassan Bitchuka akaitwa Stereo. Vijana wa kujipamba wakaitwa mabishoo, na baadaye masharobaro. Nairobi nako mambo ni hayo hayo. Njoroge anakuwa Njoro, Wanjiru anakuwa Shiro, Wanjiku anakuwa Shiko. Mwangalie huyo Wanjiku. Irabu alikuwa nayo, u ya kwao, safi kabisa. Wakaitoa, wakaweka o. Hakuna sheria ya ulimi iliyowalazimisha. Walitaka jina lisikike la mjini.

Nadhani hapo ndipo penyewe. Kijana anayekuja mjini na jina la babu yake anapewa mkia, na mkia huo unamwambia: sasa wewe ni wa hapa. Ni kama kupewa kitambulisho na watu wasio na mhuri.

Na hapa petu pana jina lake pia. Kariakoo ni jina la utani. Waingereza walipoichukua Dar es Salaam Septemba 1916, mahali pale penye jengo la soko lililojengwa na Wajerumani pakawa kambi ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa vita. Watu walibeba risasi, unga na majeruhi kwenye vichwa na mabega, kutoka pwani hadi bara. Wenyeji wakalisikia jina la kikosi, wakalitamka walivyoweza: Kariakoo. Nairobi nako kuna mtaa na soko lenye asili hiyo hiyo, ila wao wanaandika Kariokor, wameibakiza r. Sisi tumeiacha r tukaivuta o. Jina la jeshi limegeuka jina la mahali tunaponunua vitunguu. Siku hizi hata hilo limekatwa, kwenye mabango linaandikwa K'koo.

Nenda mjini, Mtaa wa Samora, ukaitazame Sanamu ya Askari iliyosimamishwa mwaka 1927. Ina maandishi kwa Kiingereza, kwa Kiswahili na kwa herufi za Kiarabu. Wapagazi wametajwa pale, lakini kwa jumla jumla. Jina la mtu hata mmoja halipo. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa yake yenyewe. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Zaidi ya miaka 100 imepita. Bila shaka na wao huko njiani waliitana, walikatana majina, walitaniana. Kilichobaki kwetu ni jina la kundi, na mkia wake -oo.

Kwa hiyo tunapoandika hadithi za Kariakoo tunaandika juu ya ardhi ambayo tayari imeshapoteza majina ya watu. Hilo lingetosha kutufanya tuwe na adabu kidogo na majina tunayoyagawa.

Waliotutangulia walifanyaje? Shaaban Robert alitoa majina yanayosema. Katika Adili na Nduguze, Adili ni adili, na nduguze ni Hasidi na Mwivu. Msomaji haulizi nani mbaya. Utubora naye kabeba utu bora kwenye jina lake. Ule ulikuwa utaratibu wa jina lenye maana, na ulifaa kwa hadithi za maadili.

Waandishi wa riwaya za upelelezi, zile tulizosoma chini ya madawati, wakachanganya. Elvis Musiba akatupa Willy Gamba, Ben Mtobwa akatupa Joram Kiango. Jina la kwanza la kizungu au la Biblia, la pili la Kiswahili na lina maana. Gamba ni kitu kigumu cha nje. Kiango ni cha kuwekea taa. Huyo ni kijana wa mjini mwenye miguu pande mbili, na majina yanamweleza kabla hajavuta bastola.

Halafu yupo Shafi Adam Shafi. Kuli, iliyotoka mwaka 1979, ni riwaya ya wabeba mizigo wa bandarini Zanzibar. Shujaa wake anaitwa Rashidi. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sisi tungemwita Chidi bila hata kufikiri. Jibu langu ni hili. Kwa tajiri na kwa msimamizi, yule kijana ni kuli tu, mgongo miongoni mwa migongo. Mwandishi anapomshika kwa jina lake, Rashidi, anamrudishia kile ambacho gati inamnyang'anya. Jina hilo halina mbwembwe yoyote, na ndiyo nguvu yake. Angemwita Chidi ukurasa wa kwanza, tungecheka naye, tungempenda, lakini nina wasiwasi kama tungesimama naye anapogoma.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Miaka iliyopita nilikuwa na rafiki aliyesukuma mkokoteni Kariakoo. Jina lake la mtaani silitaji, ni la wenyewe, ila liliishia na -ino. Alilipata kwenye chandimu, siku aliyowapita watu 4 akiwa peku kisha akapiga nje. Nusu sifa, nusu kejeli, na yeye alilijua hilo akalivaa vile vile. Nikamwandikia hadithi. Nikamfanya yule mcheshi, anayekopa sigara, anayetongoza akatoswa. Tuliisoma kwa sauti mbele ya waandishi wenzetu, watu wakacheka hadi machozi. Na yeye alikuwepo. Alicheka. Akaomba nakala, akaikunja akaitia mfuko wa shati.

Baadaye akagongwa na gari usiku. Tulimtafuta siku 2. Kila tulipofika tuliuliza kwa jina lile la -ino, tukaambiwa hakuna. Hospitali ya tatu, yule dada wa mapokezi akatuuliza kwa upole tu: "Jina lake kamili?" Tulikuwa watu 5. Tukatazamana. Mmoja akasema anadhani ni Juma. Mwingine akasema Juma ni kaka yake. Mimi niliyemwandika kurasa 6 nzima sikuwa na neno. Daftarini alikuwa ameandikwa mwanaume, umri kama miaka 30, jina halijulikani. Alikuwa ameshafariki tangu asubuhi ya siku ile.

Shangazi yake alikuja kutoka Kisarawe. Yeye ndiye aliyetaja majina yake 3, moja moja, na tuliyasikia kama majina ya mtu tusiyemfahamu. Tulizika huko kwao. Siku ya arobaini tulirudi, kibao kilikuwa kimeshasimamishwa na jina limeandikwa kwa rangi nyeusi. Mmoja wetu alikipita, akaendelea mbele kutafuta kaburi.

Hadithi ile sijaichapisha tena. Nimejaribu kuiandika upya mara 2. Mara ya kwanza nilimwita kwa majina yake yote, kama alivyofanya Shafi. Ikatoka hadithi ya mtu mwingine, mtulivu, asiyejua kupiga chenga. Mara ya pili nikarudisha lile la -ino, nikasikia vicheko vya siku ile ukumbini. Sijui bado. Lakini nimejifunza kwamba kosa halikuwa jina la mtaani. Lile jina lilikuwa lake kwa haki, alilitokea jasho. Kosa ni kwamba nilidhani ndilo lote.

Kwa hiyo nimezirudia zile hadithi 9 nikiwa na maswali 3, na nayaweka hapa ili kila mmoja aulize hadithi yake mwenyewe.

La kwanza: nani alimpa? Jina lililotolewa na mashabiki si sawa na lililotolewa na mdai. Gagarino alipewa na jukwaa lililompenda. Kuna majina ya -o yanayotolewa na watu wanaotaka kukuweka chini, na anayeitwa hulijua hilo kila anapoitika.

La pili: nani hamwiti hivyo? Mama yake anamwitaje? Mchumba wake je, siku wakiwa na amani na siku ya ugomvi? Mama Mswahili akitoka mlangoni akaita "Abdallah!" kwa jina zima, kijiwe chote kinanyamaza, maana hapo pana jambo. Mwandishi aliyemwita Dula tangu mwanzo hadi mwisho ameitupa nafasi hiyo.

La tatu: ni wapi lile la mtaani halipokelewi? Polisi, mahakamani, msikitini siku ya ndoa, kanisani, kwenye fomu ya mkopo, hospitali. Mtu wetu anapofika kwenye dirisha hilo anaitika kwa jina gani, na sauti yake inakuwaje?

Maneno ya mtaani yameshapata wa kuyaokota. Mwaka 2006 Uta Reuster-Jahn na Roland Kießling walichapisha kamusi ya lugha ya mitaani yenye maneno na misemo 1,100. Majina ya mtaani hayana kamusi, na sidhani kama yanaweza kuwa nayo, kwa sababu kila moja lina mtu mmoja tu. Hayo tumeachiwa sisi.

Kati ya zile 9 nimechagua 2. Moja ni ile ya binti muuza kanga, ambaye kwenye daftari lake la madeni ameandika wateja wote kwa majina ya mtaani isipokuwa mmoja, na msomaji anajua mara moja anampenda nani bila kuambiwa. Ya pili ni ya wale ndugu wawili wa Gerezani ambao mmoja amekataa kuitika jina alilopachikwa, na kijiwe kikamsusa. Haijakamilika vizuri, mwisho wake umeharakishwa, lakini ndani yake kuna watu.

Nafasi ya tatu bado iko wazi. Wale 7 waliobaki, hadithi zenu nazirudisha na maelezo pembeni kwa kalamu nyekundu. Msikasirike, someni, mrudi. Andikeni upande mmoja wa karatasi, muache nafasi kati ya mistari. Na nyuma ya ukurasa wa mwisho, jamani, andikeni majina yenu kamili, yote matatu. La mtaani likiwepo, liwekeni chini yake.